Tulimtembeza Mfiwa: Siku Moja Guangzhou na Mtoto Tuliyemuasili

Ijumaa ile ya Desemba 2005 ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu tukabidhiwe binti yetu, na ilikuwa siku ya kwanza ambayo hatukuwa na fomu ya kujaza, afisa wa kumwona wala muhuri wa kusubiri. Viza yake ya kuingia Marekani ingeletwa hotelini saa kumi jioni, ndege yetu ilikuwa ya Jumamosi alfajiri, na kabla ya hapo tulikuwa na saa nane za kuuona mji wa Guangzhou, ambao mume wangu alikuwa akiusoma vitabuni miezi yote tuliyokuwa tukisubiri. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliandika kwenye karatasi ya hoteli mambo matano: nyumba ya ukoo wa Chen, hekalu la miti sita, msikiti wa kale, bustani ya Yuexiu yenye sanamu ya mbuzi watano, na safari ya mashua usiku katika Mto wa Lulu. Niliisoma orodha ile nikaiona nzuri kabisa, na kwa sababu hiyo ndiyo naandika haya, kwani mimi ndiye niliyepaswa kuona kosa lake.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, mkoani Tanga. Niliolewa na Mmarekani tukahamia Minnesota, tukapata mtoto wa kiume, kisha miaka ikapita bila mwingine. Siku hizo mtu aliyetaka kuasili mtoto wa nje alielekezwa China kwa sababu utaratibu wake ulieleweka tangu mwanzo hadi mwisho: faili lilipelekwa Beijing, likaandikishwa, nawe ukangoja zamu yako. Sisi tulingoja miezi kama saba, kisha zikaja picha mbili na kurasa chache za afya za mtoto wa kike wa mkoa wa Jiangxi. Kwa jumla tulitumia karibu dola 20,000, nusu yake ikiwa ya mkopo ambao tuliulipa kwa miaka minne. Kati ya fedha hizo, dola 3,000 zilikuwa mchango kwa kituo cha watoto, zilizotakiwa taslimu, noti mpya zisizo na mkunjo wala doa, nasi tulizibeba ndani ya nguo kutoka Minneapolis hadi Nanchang, mji mkuu wa Jiangxi, kama watu wanaoficha dhahabu. Mume wangu alizihesabu mara nne njiani. Nawaambia wanaobeba fedha za namna hiyo popote pale: ziagizeni benki wiki mbili kabla, muwape watu wazima wawili wagawane, na msizifungue ndani ya ndege.

Mjini Nanchang tulikabidhiwa mtoto ndani ya ukumbi wa ofisi ya serikali, mchana, tukiwa pamoja na familia nyingine saba. Alikuwa na umri wa miezi kumi na moja. Alikuwa ameokotwa langoni mwa jengo moja akiwa na siku chache tu, kituo kikatoa tangazo gazetini kuwatafuta wazazi wake kama sheria yao ilivyotaka, hakuna aliyejitokeza, na akiwa na miezi miwili akapelekwa kwa mama mlezi kijijini. Huyo mama mlezi ndiye aliyemfahamu kama mama. Hakuwepo siku ile. Aliyemleta alikuwa mfanyakazi wa kituo ambaye mtoto alimwona mara chache, naye alinipa maelekezo matatu kupitia kwa mkalimani: maziwa yawe ya moto sana, yachanganywe na unga wa mchele na sukari kidogo, na mtoto amezoea kulala kitandani na mtu mzima, si peke yake. Niliyaandika yote kwenye daftari langu. Kisha nikalifunga daftari, nikafuata vitabu nilivyonunua Marekani, ambavyo vilisema maziwa yawe vuguvugu, sukari isiwepo, na mtoto alale kwenye kitanda chake.

Alilia kwa saa mbili, akalala, akaamka, akalia tena. Siku ya tatu aliacha kulia, nasi tukamshukuru Mungu. Alimkataa kabisa mume wangu. Akimwona anasogea aligeuza uso wake ukutani. Mwanetu, ambaye alikuwa ameomba ndugu tangu akiwa na miaka minne, aliniuliza siku ya tano, kwa adabu kabisa, kama sheria inaruhusu mtoto kurudishwa. Sikumkemea. Na mimi swali hilo lilikuwa limenipitia usiku uliotangulia, saa tisa, nikiwa nimekaa sakafuni bafuni na chupa ya maziwa mkononi, na nalitaja hapa ili mama mwingine atakayekaa sakafuni namna hiyo asijione ni mtu mbaya.

Ijumaa, basi, tulitoka saa mbili asubuhi. Hoteli yetu ilikuwa kisiwani Shamian, kipande kidogo cha ardhi kando ya mto ambacho katika karne ya 19 Waingereza na Wafaransa walikigawana, na ambacho bado kina majumba yao ya mawe na miti mikubwa jamii ya mkuyu. Familia zote za Kimarekani zilizoasili nchini China zililazimika kupitia Guangzhou, kwa kuwa ubalozi mdogo wa Marekani wa hapo ndio pekee uliotoa viza za watoto hao, na wengi walifikia kisiwani humo. Kila kona ungekuta kigari cha mtoto kinasukumwa na Mzungu mwenye uso wa mtu aliyekosa usingizi. Hoteli ilimpa kila mtoto zawadi ya mdoli mwenye nywele za dhahabu aliyempakata mtoto wa Kichina. Niliupokea mdoli ule kwa shukrani, nikautazama, nikajitazama kwenye kioo cha lifti, nikacheka peke yangu.

Kosa la kwanza la siku lilikuwa kigari. Stesheni ya Huangsha, ya treni ya chini ya ardhi, ina ngazi, na hata penye ngazi za umeme umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mume wangu alikibeba begani kama gunia tangu mwanzo. Mtu anayekwenda matembezi ya miji kama ile na mtoto mchanga akiache kigari chumbani. Kwa bahati nilikuwa na mbeleko: kanga ya mama yangu aliyonipa siku nilipopita Muheza kumuaga, yenye maandishi "Nani kama mama". Nilimfunga mtoto mgongoni, lakini kwa kuwa nilihofia kumuumiza, na kwa kuwa mchana ulianza kupata joto, nilimfunga kilegevu, mikono yake ikiwa nje na kichwa wazi ili aone vizuri. Niliwaza kwamba ni nchi yake na anaondoka kesho, basi na aione.

Vituo viwili mbele ndipo penye nyumba ya ukoo wa Chen. Ilijengwa kati ya mwaka 1890 na 1894 kwa michango ya watu wa ukoo huo kutoka wilaya 72 za mkoa wa Guangdong, ili vijana wao waliokuja mjini kufanya mitihani ya kifalme wapate pa kufikia na mahali pa kuwaenzi mababu. Ina majengo kumi na tisa yaliyounganishwa kwa nyua na vipenu, na juu ya mapaa yake kuna safu za sanamu za udongo wa kuchomwa: wapiganaji, majoka, matunda, watu wa hadithi, rangi juu ya rangi. Mwanetu alisimama uani akiwa amefungua mdomo. Mimi nilikwenda hadi ukumbi wa ndani, ambapo zamani vilipangwa vibao vya majina ya wahenga, na hapo nikakaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Ninatoka kwa watu ambao mgeni huulizwa kwanza ukoo wake kabla ya kuulizwa jina. Nilikuwa nimebeba mgongoni mtoto ambaye jina lake la ukoo alipewa na kituo, sawa na watoto wenzake wote wa mwaka ule, na nilikuwa nimesimama katika nyumba ambayo watu wa wilaya 72 waliijenga kwa sababu tu waliitwa jina moja. Hakuna kitabu cha maandalizi kilichonitayarisha kwa dakika zile. Kama ningeweza kurudi nyuma, ningemaliza matembezi hapo na kurudi hotelini.

Badala yake nilifurahi kwamba mtoto hasumbui. Alikuwa kimya tangu asubuhi. Hakulia ndani ya treni, hakulia kwenye foleni ya tikiti, alitazama mbele tu kwa macho makavu, na kila aliyetupita alinyanyua kidole gumba kumsifu. Mama mmoja wa kundi letu tuliyekutana naye hapo aliniambia nina bahati ya kupata mtoto mpole. Leo ninajua ukimya ule si upole. Mtoto wa miezi kumi na moja aliyezoea maisha yake hugeukia sauti, hunyoosha mkono kwenye kitu kinachong'aa, hulalamika akibanwa na nepi. Wangu hakufanya hata kimoja. Alikuwa amejifungia ndani, na mimi nikapokea pongezi kwa niaba yake.

Aliyeona kwamba mambo si sawa alikuwa bibi mmoja wa Kichina aliyekaa uani na mjukuu wake. Alinifuata, akashika mguu wa mtoto uliokuwa wazi kati ya soksi na suruali, akaanza kunikaripia kwa Kikantoni, lugha ya huko, neno baada ya neno, huku akivuta soksi juu na kuingiza mikono ya mtoto ndani ya kanga. Tulikuwa tumekwisha kuonywa kwamba mabibi wa China hawavumilii kuona ngozi ya mtoto nje wakati wa baridi, na wageni wengi hulichukulia jambo hilo kama kichekesho cha safari. Mimi halikunichekesha, kwa maana ni karipio lile lile ambalo bibi yangu angenipa: mtoto ataingiwa na baridi, atapata kichomi, wewe mama wa wapi? Nilimwinamia kichwa kwa heshima. Yeye mwenyewe alikuwa amembeba mjukuu wake mgongoni kwa kitambaa cha mraba chenye kamba nne, kama wafanyavyo wanawake wengi wa Guangdong, na mtoto wake alikuwa amebanwa sawasawa, shavu mgongoni, amelala. Nilikiona kitambaa kile wala sikujifunza kitu.

Tulipanda tena treni kituo kimoja hadi Ximenkou, tukatembea hadi hekalu la miti sita. Hekalu hilo lilianzishwa mwaka 537. Jina lake linatokana na mshairi Su Dongpo, aliyepita hapo mwaka 1100, akaona miti sita jamii ya mkuyu na kuandika maneno mawili, "miti sita", ambayo yanasomeka hadi leo. Pagoda yake, yaani mnara wa hekalu, ina ghorofa tisa kwa nje na urefu wa mita 57, na uwanja wake wote unanuka ubani. Wakala wetu wa kuasili alikuwa amepanga familia zikusanyike hapo saa tano ili mtawa awaombee watoto baraka kabla hawajaondoka katika nchi yao. Mimi ni Mwanglikana, na nilikuwa nimejadiliana na nafsi yangu usiku kucha kama nisimame au nisisimame. Hatimaye nilisimama nyuma, karibu na nguzo. Nilijiambia kwamba mtu akiondoka kwao, wazee wa kwao wana haki ya kumnenea neno.

Kosa kubwa lilikuja baada ya sala. Mume wangu alitaka picha yangu na mwanetu chini ya pagoda, na yule mama wa kundi letu akajitolea kumshika mtoto kwa dakika mbili. Nikafungua mbeleko, nikampa. Kwa siku kumi na mbili mtoto huyu alikuwa amejifunza kwamba mimi ndiye ninayebaki, na sasa alipokewa na mikono ya tatu ndani ya wiki mbili, mbele ya watu wengi, nami nikampa mgongo na kutembea kuelekea kwenye kamera. Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake hata siku ya kwanza. Niliporudi mbio na kumchukua alinisukuma kifuani kwa mikono yote miwili, akajipinda nyuma, hakunitaka mimi wala mtu mwingine yeyote.

Mengine yaliyofuata yalikuwa ya kawaida kwa mama yeyote, ila yalikuja yote kwa pamoja. Maziwa niliyotayarisha asubuhi yalikuwa yamepoa, na chupa ya chai yenye maji ya moto nilikuwa nimeiacha mezani hotelini. Chuchu ya chupa niliyotoka nayo Marekani ilikuwa na tundu dogo, wakati za kwao hukatwa tundu kubwa ili uji upite, kwa hiyo hata alipokubali kunyonya hakupata kitu, akaghadhibika zaidi. Nepi ilivuja. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa, hakina karatasi wala mahali pa kumlaza mtoto. Watu walituzunguka, wengine wakitaka kusaidia, wengine wakipiga picha, kwa sababu mama mweusi na mtoto wa Kichina anayelia lilikuwa jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Mwanetu aliziba masikio. Mume wangu, ambaye si mtu wa hasira, alisema kwa ukali kwamba tusonge tu, msikiti uko karibu, huenda akanyamaza tukitembea. Tukatembea.

Msikiti wa Huaisheng uko barabara ya Guangta, umbali mfupi kwa miguu. Mapokeo ya Waislamu wa huko yanasema ulijengwa na Saad bin Abi Waqqas, mjomba wa Mtume, na mnara wake mweupe wa mita 36, laini kama mshumaa, inasemekana uliongoza meli wakati mto ulipokuwa karibu zaidi kuliko sasa. Tulifika swala ya Ijumaa ikiwa karibu kwisha. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikiruka-ruka ili kumtuliza mtoto aliyekuwa akipiga kelele mgongoni, na nikasikia nyuma yangu sauti ya mwanamke ikisoma kanga yangu kwa utulivu, kama mtu anayesoma kibao cha duka: "Nani kama mama."

Nusura nianguke. Mwanamke huyo alikuwa na umri wa kama miaka hamsini, amejifunga mtandio, miguuni pake kuna mifuko mitatu mikubwa ya plastiki. Wakati ule wafanyabiashara wa Kiafrika walikuwa wamekwisha kuwa wengi Guangzhou, hasa upande wa Xiaobei, na yeye alikuwa mmoja wao, mwenye duka Kariakoo, aliyekuja kuchukua mzigo na alikuwa akimngoja mdogo wake aliyekuwa ndani akiswali.

"Shikamoo, mama," nilisema, na hapo hapo machozi yakanitoka.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto umempata lini?"

Hakuniuliza mtoto ni wa nani, wala kwa nini. Nilimweleza kwa ufupi: siku kumi na mbili, mama mlezi kijijini, ofisi, hoteli mbili, ndege moja, na matembezi tangu asubuhi. Alinisikiliza huku akimtazama mtoto, si mimi. Kisha akasema maneno ambayo nimeyarudia kwa watu wengi tangu siku ile.

"Mtoto huyu ana msiba, mwanangu. Amefiwa. Na wewe unamtembeza mfiwa?"

Ndipo nikaelewa. Kwetu mtu akifiwa hukalishwa mkekani ndani ya nyumba, na watu ndio wanaomwendea. Hatumpeleki sokoni, hatumwonyeshi majumba, hatumpi wageni wamshike kwa zamu, na akinyamaza hatumsifu kwamba ni mpole. Tunamwacha alie, tunampikia uji, tunalala naye chumba kimoja. Mambo hayo yote niliyajua tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba yanamhusu mtoto wa miezi kumi na moja ambaye, kwa kadiri alivyoweza kufahamu, mama yake alikuwa amekufa siku kumi na mbili zilizopita pamoja na nyumba yake, lugha yake, harufu ya chakula chake na sauti za usiku za kijiji chake. Vitabu vyangu vilieleza jambo hilo kwa maneno ya kitaalamu, kuhusu mtoto kufungamana na mlezi, nami niliyapigia mstari kwa kalamu. Hayakunishuka moyoni hadi nilipoyasikia kwa Kiswahili, barabarani, kutoka kwa mtu aliyekuwa akingoja mzigo.

Mama yule hakuishia kwenye maneno. Aliifungua mbeleko, akamshusha mtoto juu kidogo ya kiuno changu, akaikaza hadi nikashindwa kuvuta pumzi ndefu, akaingiza mikono ya mtoto ndani, na upande wa juu akaupandisha hadi ukamfunika kichwa, ili asione barabara. "Haya, rudi nyumbani," alisema, akimaanisha hotelini. "Mwimbie njiani. Wimbo wowote wa kwenu." Nikaanza kuimba wimbo wa Kibondei ambao bibi yangu alituimbia, na kabla hatujapata teksi kilio kilikuwa kimegeuka kwikwi. Mdogo wake alitoka msikitini, akatusimamishia gari. Sikupata hata kuuliza jina la mama yule.

Tuligawana. Mume wangu alimchukua mwanetu wakaenda Yuexiu kuona mbuzi wao watano, jambo ambalo tulipaswa kulipanga hivyo tangu mwanzo, kwa sababu mtoto mkubwa naye alikuwa na haki ya kupata siku yake bila kilio. Mimi nilimwonyesha dereva kadi ya hoteli yenye anwani kwa maandishi ya Kichina. Kadi hiyo kila mtu mzima awe na yake, na mtoto mkubwa awekewe moja mfukoni. Ndiyo iliyonirudisha, maana sikuwa na neno hata moja la kumweleza dereva.

Dukani kisiwani nilinunua unga wa mchele wa watoto na chupa ya kienyeji. Chumbani nilichemsha maji, nikatoa daftari langu, nikafuata maelekezo ya yule mfanyakazi neno kwa neno, ikiwa ni pamoja na sukari. Binti yangu akanywa chupa nzima bila kupumzika, jasho likimtoka puani, akashika kidole changu kwa mara ya kwanza si kwa kukisukuma. Nilipombadilisha nguo nilimshika juu ya beseni nikamfanyia "shiii" kama tunavyofanya kwetu, kwa kubahatisha tu, na akakojoa papo hapo, kwa sababu kumbe na wao huwafundisha watoto wao hivyo hivyo. Tukalala kitanda kimoja kwa saa tatu kamili. Mengine ya kubadilisha maziwa taratibu, kupunguza sukari na kumzoesha kitanda chake tuliyafanya nyumbani, kwa miezi, na hakuna kilichoharibika.

Nimeulizwa mara nyingi na jamaa wanaotaka kuasili ni siku gani inafaa kutoka na mtoto mpya. Sina hesabu ya siku, ila nina niliyoyaona. Mtoto atoke kwa saa moja au mbili, mahali pamoja, palipo karibu na pa kulala, na arudi kabla hajachoka. Kwa wiki nyingi za mwanzo mama na baba tu ndio wambebe, wamlishe na wamwogeshe, na shangazi atakayenuna aelezwe mapema. Nguo zake za kituoni zisifuliwe mara moja wala kutupwa. Sisi tuliifua fulana yake siku ya kwanza tukapoteza harufu ya mwisho aliyokuwa nayo. Na mlezi wa zamani akisema mtoto amezoea hiki na kile, hata kama kinaonekana cha ovyo, kifuatwe kwanza. Jambo la fulana ndilo linaloniuma hadi leo kuliko kelele zote za hekaluni.

Mlango tuliopitia sisi umefungwa. Mwezi Septemba 2024 serikali ya China ilitangaza kwamba haitoi tena watoto kwa wageni, isipokuwa wale wanaoasili watoto wa ndugu zao wa damu wa karibu au watoto wao wa kambo, baada ya zaidi ya watoto 160,000 kuondoka tangu 1992, zaidi ya nusu yao wakija Marekani. Binti yangu alisoma habari hiyo kwenye simu akiwa chuoni, akanipigia, tukakaa kimya wote wawili kwa muda. Lakini watoto wanaohamishwa kutoka mikono hadi mikono wapo kila mahali. Mtoto wa binamu yangu wa Dar es Salaam alikuja kupitia Ustawi wa Jamii na mahakama, umbali wa saa mbili tu kwa basi, na alinyamaza kwa namna ile ile siku walipompeleka ufukweni kumtambulisha kwa ukoo.

Saa kumi jioni mwongozaji wetu alileta pasipoti yenye viza, pamoja na bahasha kubwa ya kahawia iliyofungwa kwa muhuri, ya kumkabidhi afisa wa uhamiaji uwanja wa ndege wa kwanza tutakaotua Marekani, na akaturudia mara tatu kwamba tusithubutu kuifungua. Hapo ndipo mtoto angekuwa raia. Mume wangu na mwanetu walirudi wakiwa na picha za mbuzi na matope viatuni. Tikiti nne za mashua ya mtoni zilikuwa zimekwisha kulipiwa na hazirudishwi; tulizitazama, mume wangu akazitia ndani ya kitabu chake, akavua viatu ili asipige kelele.

Asubuhi tulitoka saa kumi na moja, mji ukiwa bado na giza. Bahasha ilikuwa mkononi mwa mume wangu, chupa ya chai begini, unga wa mchele mfuko wa nje. Mbeleko niliifunga mapema, kabla ya kuingia kwenye lifti, na mara hii niliikaza.